Mpaka wa Mionzi: Mwili wa Binadamu Unaruhusiwa Kupokea Kiasi Gani

Sehemu kubwa ya dunia hutumia namba moja kuamua kiasi cha mawimbi ya redio ambacho mwili wa mtu wa kawaida unaruhusiwa kufyonza: wati 0.08 kwa kila kilo ya uzito, kwa wastani wa mwili mzima. Namba hiyo ndiyo msingi wa kanuni zinazoongoza mnara wa simu mtaani, mtambo wa redio ya FM kilimani na kifaa cha Wi-Fi sebuleni. Wanaobishana kuhusu minara ni wengi, ila wanaoijua namba hii ni wachache, na wanaojua ilikotoka ni wachache zaidi. Ilipatikana kwa hesabu za joto, kwa majaribio ya wanyama waliofunzwa kufanya kazi ili wapate chakula, na kwa uamuzi wa makusudi wa kuacha nafasi kubwa kati ya kinachoruhusiwa na kinachojulikana kudhuru.

Mionzi ya sumakuumeme ni ukoo mkubwa. Upande mmoja zipo eksirei na miale ya gama, ambazo kila chembe yake ina nishati ya kutosha kung'oa elektroni kwenye atomu na hivyo kuharibu vinasaba vya seli. Hiyo ndiyo mionzi ayonishi. Mipaka yake hupimwa kwa milisiveti: 1 kwa mwaka kwa mwananchi, na wastani wa 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi wa hospitali au mgodini. Kwa mionzi ya aina hiyo wataalamu huchukulia kwamba hakuna dozi ndogo isiyo na hatari kabisa, kwa hiyo kila upungufu ni faida. Upande wa pili yapo mawimbi ya redio, ya simu, ya oveni ya maikrowevu na ya nyaya za umeme. Chembe zake ni dhaifu mno. Hata zikiwa nyingi namna gani, haziwezi kung'oa elektroni. Hii ni mionzi isiyo ayonishi, na mipaka yake huwekwa kwa njia nyingine: hutafutwa kiwango ambacho madhara yanaanzia, kisha mpaka huwekwa chini sana ya hapo. Hofu nyingi ya minara hutokana na kuchanganya makundi haya mawili.

Joto ndilo kipimo

Mawimbi ya redio yanapoingia mwilini, molekuli za maji na chumvi hutikiswa na kusuguana, na matokeo yake ni joto. Ndivyo oveni ya maikrowevu inavyopika. Swali la usalama basi ni hili: mwili unaweza kupokea joto kiasi gani kutoka nje bila kushindwa kujipoza?

Mwili wenyewe ni mtambo wa joto. Mtu aliyelala huzalisha takriban wati 1 kwa kila kilo, na anayebeba mzigo au kupanda mlima huzalisha mara kadhaa ya hapo. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa Marekani, akiwemo John de Lorge katika maabara ya Jeshi la Majini huko Pensacola, Florida, waliwafunza panya na nyani kubonyeza vitufe kwa utaratibu maalumu ili wapewe chakula, kisha wakawapigisha mawimbi huku wakipima joto la miili yao. Wanyama waliendelea na kazi mpaka joto la ndani lilipopanda kwa karibu digrii 1, ndipo walipoanza kuchelewa au kuacha. Kwa wanyama wa maumbo tofauti na mawimbi ya masafa tofauti, jambo hilo lilijitokeza kuanzia karibu wati 4 kwa kilo. Mnyama mwenye njaa anayeacha kufanya kazi ya kumpatia chakula anaonyesha wazi kwamba mwili wake umeelemewa, na kipimo hicho kina faida kwamba hakitegemei kuulizana nani anaumwa kichwa.

Mwaka 1982 kanuni ya viwango ya Marekani iliifanya wati 4 kwa kilo kuwa kizingiti, ikaigawa kwa 10 na kupata mpaka wa wati 0.4. Baadaye ukawekwa utofauti kati ya wafanyakazi na wananchi. Mfanyakazi wa mitambo ni mtu mzima aliyefundishwa, anajua yuko wapi na anaweza kuondoka. Mwananchi anaweza kuwa mtoto mchanga, mzee, mjamzito au mgonjwa wa homa, na huenda hajui kabisa kwamba kuna antena karibu naye. Kwa hiyo mpaka wake ukagawanywa tena kwa 5, jumla mara 50 chini ya kizingiti: wati 0.08. Nafasi hiyo inabeba pia hali ya hewa. Kuli wa bandari ya Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari tayari anapambana na jua na unyevunyevu, na mwili wake hauna uwezo wa kujipoza alionao mtu wa nchi za baridi.

Anayesimamia hesabu hizi leo ni Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyo Ayonishi, inayojulikana kwa kifupi ICNIRP, iliyoundwa mwaka 1992 na yenye makao Ujerumani. Ni chombo cha wanasayansi, si cha serikali, na hakina mamlaka ya kumshtaki mtu. Mwongozo wake wa mwaka 1998, uliofanyiwa mapitio makubwa mwaka 2020, unatambuliwa na Shirika la Afya Duniani, na nchi nyingi zimeuingiza katika kanuni zao.

Wastani wa mwili mzima hautoshi peke yake, maana simu iliyobanwa sikioni haipashi miguu joto. Ndiyo maana upo mpaka wa pili, wa sehemu ya mwili, unaohesabiwa katika kipande cha nyama cha gramu 10, sawa na mchemraba wa sentimita 2 na kidogo kila upande. Kwa kichwa na kiwiliwili, kizingiti ni wati 20 kwa kilo, na mwananchi anaruhusiwa 2. Kwa mikono na miguu, ambayo huvumilia joto zaidi, kizingiti ni 40 na mwananchi anaruhusiwa 4. Macho na korodani huangaliwa kwa makini zaidi kwa sababu damu inayopita huko kuondoa joto ni kidogo.

Mipaka iliyopishana mara elfu

Kabla ya mwongozo huo wa ICNIRP dunia ilikuwa na mipaka miwili, na tofauti yake ilikuwa mara elfu. Mwaka 1953 Herman Schwan, mwanasayansi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alipendekeza kwa Jeshi la Majini la Marekani mpaka wa wati 100 kwa mita ya mraba kwa watu wanaofanya kazi karibu na rada. Hoja yake ilikuwa joto. Mwaka 1966 namba hiyo ikawa kiwango cha Marekani. Umoja wa Kisovieti nao ulikuwa umeweka wati 0.1 tu kwa mfanyakazi wa siku nzima. Madaktari wa huko waliwasikiliza wafanyakazi wa rada waliolalamika kuumwa kichwa, kuchoka na kukosa usingizi, wakaona hayo yanatosha kuwa sababu ya kuweka mpaka. Wamarekani waliona malalamiko ya aina hiyo hayathibitishiki.

Mvutano huo ulipata sura ya kisiasa huko Moscow. Tangu mwaka 1953 hadi katikati ya miaka ya 1970, ubalozi wa Marekani ulielekezewa mawimbi ya maikrowevu kutoka majengo ya jirani. Watumishi wengi hawakuambiwa hadi mwaka 1976. Serikali yao ilikuwa kwenye mtego: nguvu ya mawimbi yale ilikuwa mamia ya mara chini ya mpaka wa Marekani yenyewe, lakini nyakati fulani ilivuka mpaka wa Wasovieti waliokuwa wakiyarusha. Abraham Lilienfeld wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins alipewa kazi ya kulinganisha afya ya waliofanya kazi Moscow na ya wenzao wa balozi nyingine za Marekani Ulaya Mashariki. Ripoti yake ya mwaka 1978 haikupata ushahidi kwamba mawimbi yale yaliwadhuru. Hata hivyo, kuficha habari kwa zaidi ya miaka 20 kulifanya kile ambacho hakuna utafiti unaoweza kukifuta: watu walipoteza imani na waliowaambia kwamba wako salama.

Tofauti hizo hazijaisha. Urusi bado inatumia wati 0.1 kwa mita ya mraba kwa wananchi. India mwaka 2012 ilishusha mpaka wa minara hadi sehemu ya 10 ya ule wa ICNIRP. Uswisi inazitaka antena zisizidi volti 4 hadi 6 kwa mita kwenye nyumba, shule na hospitali. Italia ilikuwa na volti 6, ikapandisha hadi 15 mwaka 2024. Nchi hizo hazikugundua madhara ambayo wengine hawayajui. Zilichagua tahadhari, na huo ni uamuzi wa kisiasa ambao wananchi wana haki ya kuufanya.

Kutoka mwilini hadi hewani

Mtu anayepita njiani hawezi kuchomekwa kipimajoto. Wakaguzi hupima nguvu ya mawimbi hewani, kwa wati kwa mita ya mraba au kwa volti kwa mita, na mwongozo unaeleza ni kiasi gani cha hewani kitakachohakikisha kwamba mpaka wa mwilini hauvukwi. Kwa masafa ya megahezi 900, yanayotumiwa sana na simu, mpaka wa mwananchi ni wati 4.5 kwa mita ya mraba, sawa na volti 41 kwa mita. Kwa megahezi 1800 ni wati 9. Kuanzia gigahezi 2 kwenda juu ni wati 10.

Kwa nini namba zipishane? Kwa sababu ya kimo cha binadamu. Mwili hufyonza mawimbi vizuri zaidi pale urefu wake unapokaribia nusu ya urefu wa wimbi. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, na mtu mzima aliyesimama ana kama mita 1.7. Mwili wake basi unakuwa antena nzuri, bila yeye kutaka. Ndiyo maana kati ya megahezi 30 na 400 mpaka ni mkali kuliko mahali pengine: wati 2 tu kwa mita ya mraba. Mitambo ya FM hurusha kilowati nzima na zaidi, ilhali antena ya simu hupewa makumi ya wati. Mwenye kujenga nyumba kilimani chini ya mnara wa redio ana sababu kubwa zaidi ya kuuliza maswali kuliko jirani wa mnara wa simu, ingawa malalamiko mengi huelekezwa kwenye simu.

Hesabu ya mnara wa simu inafaa kufanywa hatua kwa hatua. Antena inapewa wati 20, na kwa kuwa inayakusanya mawimbi upande mmoja, mbele yake nguvu ni kama ya wati 1,000 zilizotawanywa pande zote. Umbali wa mita 4 na kidogo mbele ya antena hiyo, nguvu hewani ni wati 4.5 kwa mita ya mraba, yaani mpaka wenyewe. Kwa mita 10 imeshuka hadi 0.8. Kwa mita 50 ni 0.03, chini ya asilimia 1 ya mpaka. Ni kama moto wa kuni: hatua chache nyuma, na uso uliokuwa unaungua unahisi vuguvugu. Tena mnara wa mita 30 huelekeza mawimbi yake mbele na mbali, kwa hiyo anayekaa chini yake kabisa yuko nje ya mkondo mkuu.

Mnara mmoja unaweza kubeba kampuni tatu, kila moja na masafa kadhaa. Kanuni inataka kila wimbi lipimwe kama sehemu ya mpaka wake, kisha sehemu zote zijumlishwe, na jumla isizidi 1. Ripoti inayotaja kampuni moja tu kwenye mnara wa kushirikiana haijajibu swali.

Kichwa cha plastiki

Chanzo cha mawimbi kilicho karibu zaidi na watu wengi kiko mfukoni. Kabla simu haijaruhusiwa sokoni hupimwa kwenye maabara yenye kichwa cha plastiki kilicholazwa, kilicho wazi upande wa juu na kujazwa kimiminika. Vipimo vya kichwa hicho vilitokana na wanajeshi wa Marekani, na ukubwa uliochaguliwa ni wa wanaume wenye vichwa vikubwa. Kimiminika kimekorogwa ili kipitishe umeme kama ubongo. Mchanganyiko wa zamani ulikuwa na maji, chumvi na sukari. Simu hubanwa chini ya shavu na sikio, ikalazimishwa kurusha kwa nguvu zake zote. Mkono wa roboti huteremsha kijiti chembamba cha kupimia ndani ya kimiminika na kukisogeza kidogo kidogo, milimita kwa milimita, mpaka ipatikane sehemu iliyopokea nishati nyingi zaidi. Sehemu hiyo ndiyo inayotoa namba iliyoandikwa kwenye karatasi za simu. Katika simu nyingi namba hiyo, au maelezo ya kuipata, huonekana kwa kubonyeza *#07#.

Marekani hutumia wati 1.6 kwa kilo katika gramu 1, masharti makali kuliko wati 2 katika gramu 10. Lakini kanuni zake ni za mwaka 1996, na mwezi Agosti 2021 mahakama ya rufaa ya Washington iliiambia tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kwamba haikutoa maelezo ya kutosha kwa nini inaziacha zilivyo. Mahakama haikusema mipaka ni mibaya. Ilisema serikali inawajibika kujieleza.

Ufaransa ilitoa somo jingine mwezi Septemba 2023. Wakala wa masafa wa nchi hiyo, ANFR, ulizipima simu 141 zilizokuwa sokoni ukakuta iPhone 12 inafikia wati 5.74 kwa kilo inapogusa mkono au mfuko wa suruali, wakati mpaka ni 4. Uuzaji ukasimamishwa. Apple ilipinga namna ya kupima, kisha ikatoa sasisho la programu lililopunguza nguvu ya simu nchini humo. Wati 5.74 ni nyingi kuliko ruhusa, na sheria ilistahili kufuatwa. Lakini ni chini sana ya kizingiti cha wati 40 ambako mkono ungeanza kudhurika. Kuvuka mpaka kunamaanisha kula sehemu ya akiba ya usalama. Anayetangaza kwamba simu hiyo iliwaunguza watu, na anayesema kwamba haikuwa kitu, wote wawili hawajasoma namba.

Simu pia haina nguvu moja muda wote. Mnara ukiwa karibu, huambiwa ipunguze nguvu; simu ya kizazi cha pili inaweza kushuka mamia ya mara. Mtandao ukiwa hafifu, simu hupandisha nguvu hadi mwisho. Kijiji kinachoukataa mnara kinaweza kuwa kinaongeza, si kupunguza, mawimbi yanayoingia vichwani mwa wakazi wake wanaopiga simu. Anayetaka kupunguza ana njia rahisi: spika, waya wa masikioni, na kutopiga simu ndefu penye mtandao mbovu.

Kuhusu 5G, masafa yake ya juu kabisa huishia kwenye ngozi, hayafiki ndani. Kwa hiyo mwongozo wa 2020 uliongeza mpaka wa nishati inayofyonzwa juu ya mwili: wati 20 kwa mita ya mraba kwa mwananchi, sehemu ya 10 ya kizingiti. Uvumi uliosababisha minara kuchomwa Uingereza mwaka 2020 kwa madai ya kueneza korona haukuwa na msingi wowote.

Nyaya za umeme mkubwa

Umeme wa hezi 50 haupashi mwili joto la kuhesabika. Hofu yake ni nyingine: uga wenye nguvu sana unaweza kuamsha mikondo midogo kwenye neva, na dalili ya kwanza ni vimulimuli vinavyoonekana pembeni mwa jicho. Mpaka wa ICNIRP wa mwaka 2010 ni maikrotesla 200 kwa mwananchi na 1,000 kwa mfanyakazi. Chini ya nyaya za kilovolti 400, kama zile za kutoka Bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze au za Loiyangalani hadi Suswa, uga wa sumaku kwa kawaida uko mbali chini ya mpaka huo. Uga wa umeme ndio unaoukaribia mpaka wake, ambao ni kilovolti 5 kwa mita, na mtu aliyesimama hapo anaweza kuhisi vinyweleo vikisimama au kushtuliwa kidogo anapogusa bati. Hii ni sababu mojawapo ya kutojenga ndani ya mkuza wa umeme. Waya kukatika ni sababu kubwa zaidi.

Swali gumu liko chini kabisa ya mpaka. Tangu utafiti wa Wertheimer na Leeper mjini Denver mwaka 1979, takwimu zimeendelea kuonyesha kwamba watoto wanaoishi kwa muda mrefu kwenye wastani wa zaidi ya maikrotesla 0.3 au 0.4 huugua saratani ya damu zaidi ya wengine. Hakuna aliyeonyesha ni kwa njia gani uga dhaifu hivyo ungeisababisha, na nyumba zilizo kwenye kiwango hicho ni chache mno kutoa jibu la uhakika. Uhusiano haujathibitika, lakini haukatwi kwa kupuuzwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2007 kwamba nyaya mpya zipitishwe kwa tahadhari pale gharama inapokuwa ndogo, na huo ni ushauri wa busara.

Saratani, simu na jua

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililoko Lyon, Ufaransa, mwaka 2011 liliweka mawimbi ya redio katika kundi 2B: huenda yakasababisha saratani, ushahidi haujatosha. Msingi mkubwa ulikuwa utafiti wa Interphone wa nchi 13, uliotolewa mwaka 2010, ambao kwa jumla haukuonyesha ongezeko la uvimbe wa ubongo ila kwa waliopiga simu sana kupita wote, na wenyewe watafiti walitilia shaka kumbukumbu za waliohojiwa. Mwaka 2018 mpango wa taifa wa sumu nchini Marekani ulitangaza uvimbe wa moyo kwa panya dume waliopigishwa mawimbi mwili mzima, kwa kiwango kikubwa kuliko kinachoruhusiwa kwa mwananchi. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakupata uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Wapo wanasayansi wanaoilaumu ICNIRP kwa kutazama joto peke yake, na hoja yao inastahili tafiti zaidi. Kwa sasa uzito wa ushahidi hauko upande wao.

Jua liko kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani bila ubishi. Miale yake ya urujuanimno nayo ni mionzi ya sumakuumeme, na mpaka wake, uliowekwa kulinda ngozi nyeupe kwa saa 8, hufikiwa ndani ya dakika chache kwenye jua la mchana la ikweta. Ngozi nyeusi huvumilia zaidi. Mtu mwenye ualbino hana kinga hiyo, na nchini Tanzania saratani ya ngozi imewaua wengi wao wakiwa bado vijana. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Ikiwa kuna mionzi isiyo ayonishi inayovuka mpaka kila siku mbele ya macho ya watu Afrika Mashariki, ni hii. Kofia pana, mikono mirefu na losheni vinaokoa maisha zaidi kuliko kuhamisha mnara wowote.

Nani anapima

Tanzania, kazi ya kudhibiti mionzi ya aina zote mbili iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na wataalamu wake hupima minara. Kenya, mwenye kusimamisha mnara anahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, mbali na leseni ya mawasiliano. Mkazi mwenye wasiwasi aombe ripoti yenye namba: masafa gani yalipimwa, umbali gani, volti ngapi kwa mita, na jumla ni asilimia ngapi ya mpaka. Jibu la kwamba "ni salama" bila namba halitoshi.

Mipaka hii haihusu vifaa vilivyopandikizwa mwilini. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hushauriwa kuiweka simu angalau sentimita 15 kutoka kifuani, na amsikilize daktari wake.

Mahali ambapo mpaka wa mawimbi ya redio huvukwa kweli ni mbele ya antena, ndani ya zile mita chache. Kwenye mapaa ya hoteli na maghorofa yaliyokodishwa kwa kampuni za simu, antena hufungwa kwenye urefu wa kifua cha mtu, na hapo hupita fundi bomba wa tangi la maji, mpaka rangi na mfungaji wa dishi, watu ambao hakuna aliyewaeleza lolote. Wenye majengo wanaopokea kodi ya antena hizo waweke uzio na alama, wafunge mlango wa paa, na wasimruhusu fundi yeyote kufanya kazi mbele ya antena kabla kampuni haijaizima.